Geukia Penye Nyumba Inayofuka Moshi

Jumamosi, saa tisa alasiri. Jua lipo lakini halisaidii kitu. Upepo wa kipupwe hapa Ufipa haukutani na mti wa kuuzuia; unaanza huko unakoanzia na kuishia kwenye mbavu zangu. Nimekaa jikoni, miguu imo ndani ya karai la maji ya moto na chumvi, na daftari hili liko juu ya magoti.

Nimechoka.

Nikirudi nyuma kurasa chache naona neno hilo nimeliandika karibu kila Jumamosi. Lakini zile zilikuwa Jumamosi za miguu. Leo miguu ni sehemu ndogo tu ya habari yenyewe. Acha niiandike sasa hivi, maana nikingoja hadi wiki ijayo nitakuwa nimeshajitungia habari nyingine inayonipendeza zaidi.

Kikundi chetu cha mbio kina watu kumi na wawili. Wengi ni makarani wa ofisi za mkoa, kuna mwalimu mmoja, wauguzi wawili, Deusi fundi wa magari ya serikali, na Mzee Klementi, tarishi wa bomani, ambaye ameshapita miaka hamsini na bado anatuacha kwenye vilima. Mimi ni mchora ramani wa idara ya ardhi, mtu wa Rungwe niliyeletwa Sumbawanga na barua ya uhamisho. Kwa kuwa kazi yangu ni kuchora, walinipa kazi ya kupanga njia. Nikaipenda kuliko ilivyostahili.

Jumanne tunakutana mbele ya boma, penye mlingoti wa bendera, tunauzunguka mji na kurudi. Hiyo ni njia ya wavivu. Alhamisi tunakutana sokoni kwenye bomba la maji na kupanda upande wa milima ya Mbizi hadi ukingo wa msitu. Wauguzi hawaipendi, kwa sababu akina mama wanaosubiri ndoo zijae hutuuliza kila wiki tunamkimbia nani, na kila wiki hucheka upya.

Jumamosi ndiyo njia yenyewe. Tunakutana penye karakana ya serikali, tunashika barabara ya Mpui, tunaiacha kwenye kichuguu kikubwa na kufuata kijia cha kulia. Kijia kinapita katikati ya mahame, vile vitongoji vilivyohamwa wakati wa operesheni ya vijiji. Kuta zimesimama bila paa, mlango mmoja mmoja bado upo, maboga yamejiotea yenyewe palipokuwa jikoni. Watu walipakiwa kwenye malori wakapelekwa kwenye vijiji vipya vyenye nyumba za mistari. Ramani za baadhi ya mistari hiyo nilizichora mimi, kwa rula, nikiwa nimekaa kwenye kiti chenye mto.

Baada ya mahame tunavuka kijito, na ng'ambo yake tunageuka. Kule tunakogeuka anaishi Bibi Skola.

Kwa sheria haishi kule. Kwa sheria anaishi kijijini, mstari wa nne. Lakini mwaka juzi, mvua zilipokaribia, alirudi kimya kimya, akaezeka upya chumba kimoja, akainua ntumba zake, yale matuta ya duara ambayo Wafipa hufukia majani chini yake yaoze, akalima ulezi. Mumewe na watoto wake wawili wamezikwa nyuma ya nyumba. Hakutueleza zaidi ya hapo na sisi hatukuuliza. Kila Jumamosi alikuwa akitupa togwa, kibuyu kimoja kwa watu kumi na wawili, kila mtu mafunda mawili, na ole wake atakayepiga la tatu. Aliwahi kumwambia Deusi mbele yetu sote kwamba ana koo la ng'ombe.

Kikundi kizima tulijua, na kikundi kizima tulinyamaza. Hatukukubaliana kunyamaza, wala hatukuitisha mkutano. Mzee Klementi hakuwahi hata kulitaja jina lake tukiwa mjini. Akiulizwa mmekimbia hadi wapi, hujibu, "Hadi kule." Mimi mtu wa vipimo nilikuwa naona aibu kwa jibu hilo. Nilidhani ni ushamba.

Nilijidhani mjuzi kweli, mimi.

Mwezi uliopita ukatokea ugomvi. Mashindano ya mkoa yanakaribia, na Deusi alishutumiwa kwamba hugeuka kabla ya kijito, kisha hujibanza nyuma ya ukuta wa mahame akatusubiri turudi. Yeye akajitetea kwamba hakuna aliyewahi kumwambia mwisho ni wapi. Habari zikamfikia Bwana Utamaduni, msimamizi wetu wa michezo, naye akaagiza njia zote ziandikwe na tangazo libandikwe kwenye ubao wa boma: mahali pa kukutana, saa, njia, na mahali pa kugeukia.

Jumatatu nikaandika. Wino mweusi, herufi za ramani, mistari imenyooka. Kuhusu Jumamosi niliandika hivi: kukutana karakana ya serikali saa kumi na mbili na nusu asubuhi, barabara ya Mpui hadi kichuguu kikubwa, shika kijia cha kulia, pita mahame, vuka kijito, geukia penye nyumba inayofuka moshi.

Nilirudi nyuma hatua mbili nikalitazama tangazo langu, nikaridhika.

Mzee Klementi alilisoma akiwa na majalada kwapani. "Kijana, hiyo ya moshi ifute," akasema.

Nikamwambia nikiifuta Deusi atageukia kwenye kichuguu. Akanitazama kidogo. "Haya," akasema, akaenda zake na majalada yake. Watu wa hapa wakikwambia "haya" kwa sauti ile, ujue wamemaliza na wewe. Nimekaa nao miaka mitatu na nilikuwa sijajifunza hilo.

Jumatano Katibu Tarafa akaniita ofisini kwake. Si mtu mkali. Anakohoa sana kwa sababu ya baridi, na ana tabia ya kumpa mgeni kiti kabla ya salamu. Juu ya meza yake kulikuwa na kikaratasi alichonakili kutoka kwenye ubao.

"Ndugu Ambakisye, kazi nzuri sana hii," akasema. "Sasa niambie. Mahame hayana watu. Moshi unatoka wapi?"

Nikasema labda ni wachunga ng'ombe.

"Wachunga ng'ombe nao siku hizi wana nyumba?"

Akanisogezea karatasi na penseli. "Nichoree," akasema.

Nikachora.

Hapa ndipo ninapotaka kuwa mkweli, kama sitakuwa mkweli mahali pengine popote. Hakunitisha. Hakupaza sauti. Alinipa penseli tu, na mkono ukafanya ulichozoea kufanya: barabara, kichuguu, kijia, mahame, kijito, mshale wa kaskazini. Nilipofika nusu ya mchoro nilikuwa nimeshaelewa ninafanya nini. Ningeweza kukipeleka kijito upande mwingine. Ningeweza kusema sikumbuki, maana nani anakumbuka kijito? Nilimaliza. Hata skeli niliiweka chini, pembeni, kama inavyotakiwa.

Katibu akaukunja mchoro akautia mfukoni, kisha akanieleza mpango wake kama mtu anayemweleza mwenzake. Landrova haifai. Uwanda huu hauna mti, gari likiacha barabara tu linaonekana, na ukifika unakuta majivu ya moto na mlango wazi. Lakini ninyi wakimbiaji mmezoeleka. Basi Jumamosi atakimbia nasi, yeye na mgambo watatu. "Utatangulia wewe," akasema.

Sikumwambia mtu. Si Klementi, si Deusi, si yeyote. Nilijua nikianza kueleza itabidi nifike kwenye ile penseli.

Jana baada ya kazi nilitoka niende nikamwonye Bibi Skola. Nilifika hadi karakana. Mgambo mmoja alikuwa amekaa juu ya tairi bovu, akaniita kwa jina, akanisalimia vizuri tu. Nikamwambia nanyoosha miguu. Nikarudi nyumbani. Pengine alikuwa amekaa tu.

Leo asubuhi palikuwa na umande uliokaribia kuwa barafu. Katibu alifika kabla yetu sote, amevaa raba nyeupe mpya na sweta ya kijani, mgambo wake wamevaa buti. Wenzangu waliwasalimia wakidhani ni wageni wa mazoezi. Bwana Utamaduni hakuja, yeye huwa haji. Mzee Klementi alimtazama Katibu, akawatazama mgambo, akanitazama mimi mara moja, na hakunitazama tena hadi tulipomaliza.

Tukaondoka. Mgambo wakaanzisha mchakamchaka ili kumsaidia Katibu kushika mwendo, na wenzangu wakaitikia, maana asubuhi ya baridi nani asiyependa kuitikia. Nilikuwa mbele. Nilisikia sauti zetu zikitutangulia kwenye uwanda ule mtupu na nikatamani kila mmoja wetu apatwe na kikohozi.

Kwenye kichuguu nikashika kushoto.

Sikuwa nimepanga. Ni jambo pekee katika wiki nzima ambalo sikulipima. Kushoto kuna kijia kingine kinachokwenda kwenye mahame mengine, matupu kabisa. Deusi akafungua kinywa kusema njia siyo, na Klementi, aliyekuwa nyuma yake, akamkanyaga kisigino hadi raba ikamvuka. Deusi akainama kuitafuta, na alipoinuka alikuwa ameshaelewa. Wauguzi, mwalimu, makarani, wote wakakata kushoto nyuma yangu kana kwamba tumepita huko tangu tuzaliwe.

Mchoro wangu ulikuwa mfukoni mwa Katibu, lakini mtu aliyeishiwa pumzi hasomi ramani. Alikuwa anatazama miguu yangu tu. Kwa muda wa kama robo saa nilikuwa mtu mwema, na nakiri niliufurahia.

Tatizo ni kwamba vijia hivyo viwili vinatenganishwa na bonde dogo tu. Nami nilisahau kwamba mtu akizoea kukuona kila Jumamosi, ikifika Jumamosi anakungoja.

Nilisikia sauti yake kabla ya kumwona. "Wanangu! Wanangu ee! Leo mmepotea! Ni huku!"

Bibi Skola alikuwa ng'ambo ya bonde, amesimama juu ya ntumba ili tumwone, kibuyu mkono mmoja, mkono mwingine unapunga khanga. Hakuna aliyeitikia. Mchakamchaka ulikuwa umekatika wenyewe. Akaita tena kwa nguvu zaidi, akidhani hatukusikia. Kisha, kwa kuwa sisi ni wajinga tusiojua njia, akaanza kutujia yeye mwenyewe, anateremka bondeni na kibuyu chake, anachagua pa kukanyaga.

Katibu akasimama, mikono magotini. "Yule nani?"

"Ni mama mmoja," akasema Mzee Klementi.

Hatukuwa na pa kwenda. Tukasimama pale tukimtazama akipanda kutufikia. Shikamoo bibi, shikamoo bibi, moja baada ya nyingine, naye marahaba, marahaba, huku anahema na kutucheka. Akahesabu vichwa. "Leo mko wengi, basi funda moja moja," akasema, akaanza na Katibu kwa sababu ndiye mgeni. Katibu akapokea kibuyu kwa mikono miwili, akanywa, akashukuru. Alikuwa na kiu kweli. Halafu akamwuliza jina lake. Halafu akamwuliza kijiji chake.

Kwenye swali la pili Bibi Skola aliwaona mgambo.

Sitaandika yote. Katibu alizungumza naye kwa adabu, ndiyo, hilo siwezi kumnyima. Alisema Jumanne litakuja lori. Afunge vitu vyake vizuri, hakuna atakayemvunjia chungu. Mgambo walitaka kushusha paa leo leo, kama ilivyo desturi, yeye akawakataza kwa sababu ya baridi: libaki hadi Jumanne. Alilisema hilo kama zawadi, na nadhani kwake ilikuwa zawadi. Bibi akauliza kuhusu walio nyuma ya nyumba. Katibu akasema makaburi hayahami, anaweza kuja kuyapalilia akipewa ruhusa na mwenyekiti wa kijiji.

"Ruhusa," Bibi Skola akasema. Hakuliuliza, alilirudia tu.

Kisha akatugeukia sisi. Alitazama kijia tulichotoka, akatazama kile cha kulia ng'ambo, na nikaona anaunganisha. Bibi yule haoni vizuri lakini si mjinga. Alielewa kwamba tulipita kushoto kwa makusudi ili tusimfikishe.

Akanishika mkono mimi, kwa kuwa ndimi niliyekuwa mbele.

"Ulijaribu, mwanangu," akasema. "Mdomo wangu huu ndio ulioniponza. Ningekaa kimya mngepita. Nisameheni, nimewaharibia."

Kiganja chake kilikuwa kikavu na cha moto, chenye ganda gumu la jembe. Watu kumi na tano walikuwa wananitazama. Mmoja wao alikuwa na mchoro wangu mfukoni. Ilikuwa nafasi yangu.

Nikasema, "Usijali, bibi."

Hayo tu. Nimeyarudia kichwani njia nzima na yanazidi kuwa machache.

Wakati wa kurudi hatukukimbia, tulitembea. Katibu alitembea karibu nami kwa muda. "Mbona kushoto?" akaniuliza. Nikasema nilikosea. "Mchora ramani?" akasema, akacheka hadi akakohoa. Akaongeza kwamba nchi ambayo wachora ramani wake wanapotea itachelewa sana kufika. Hakuna adhabu aliyoitaja. Pengine itakuja kwa barua, pengine haitakuja. Nilishangaa kwamba sikujali. Mtu wa uhamisho hata akihamishwa tena anapoteza nini? Kitanda na karai.

Kwenye karakana watu walitawanyika bila kuagana. Kwa kawaida tunakaa, tunamtania Deusi, wauguzi wanatukanda misuli kwa nguvu kupita kiasi. Leo hata Deusi alikwenda zake, raba mkononi.

Mzee Klementi alibaki. Alijifanya anafunga kamba ya kiatu, ingawa viatu vyake havina kamba.

"Anadhani ni mdomo wake," akasema.

"Najua, mzee."

"Ataingia nayo kijijini hiyo. Atakaa nayo kwenye huo mstari wa nne hadi siku watakapomzika." Hakusema kwa ukali. Ningependa angesema kwa ukali. Akainuka, akajipangusa magoti, akaenda kwake.

Kwa hiyo nimekaa na karai langu. Bwana Utamaduni ameshatuma ujumbe: kabla ya Jumatatu jioni anataka njia mpya ya Jumamosi kwenye ubao, kwa kuwa mahali pa kugeukia hapatakuwepo tena. Ndivyo alivyosema yule aliyetumwa, hapatakuwepo tena, kama daraja lililochukuliwa na maji. Nimefikiri nijiuzulu kikundi. Nimefikiri nisiandike chochote na wakimbie watakako. Nimefikiri pia, na hili ni baya, kwamba huenda mama yule atakuwa na afya njema zaidi kijijini, karibu na zahanati. Hilo la tatu lilikuja haraka kuliko mengine, na lilikuja limevaa vizuri.

Maji yakimwagika hayazoleki, ndivyo wanavyosema. Sawa. Lori haliwezi kurudi kwa sababu yangu, sina cheo hicho. Lakini kuna kitu kimoja kwenye habari hii yote ambacho bado kiko mikononi mwangu, na nimekizungukia mchana kutwa kama nguruwe pori anavyozunguka mtego.

Wale waliohamishwa naye watamwuliza alionekanaje. Naye atawaambia: niliita mwenyewe. Atakuwa kichekesho cha mstari wa nne. Mbaya zaidi, ataamini. Mtu aliyetunywesha Jumamosi zote hizo ataanza kuuogopa mdomo wake mwenyewe, hataita tena mtu aliyepotea.

Kesho ni Jumapili. Mchungaji wangu atanikosa. Nitashika barabara ya Mpui kwa kutembea, peke yangu, na kwenye kichuguu nitashika kulia. Nikikuta mtu amekaa juu ya tairi nitamsalimia na kupita. Naandika hivyo kwa wino, ili nikisita niwe wa kujicheka.

Nitamwambia: Bibi, ni mimi niliyeandika kwenye ubao. Ni mimi niliyechora, hadi skeli. Wewe ulituita tunywe, hukufanya kosa lingine lolote.

Sijui atajibu nini. Labda atasema "haya". Labda hatasema kitu na nitasimama pale kwenye upepo hadi nijifunze kuondoka. Ninachojua ni kwamba aliponishika mkono alinipa neno, "ulijaribu", nami nikalipokea mbele ya watu wote kama mtu anayepokea chenji yake.

Si langu. Inabidi nilirudishe kabla lori halijafika.